Goti la kufunga au goti huru: kwa aliyekatwa mguu juu ya goti na anaishi Amu

Mguu wa bandia wa mtu aliyekatwa juu ya goti ni vitu vitatu vilivyoungwa pamoja: soketi inayoshika kigutu, goti, na wayo. Wengi wanaonijia kuuliza wana mengi ya kusema kuhusu soketi, maana ndiyo inayochubua ngozi, na kuhusu wayo, maana ndio unaovishwa kiatu. Goti humwachia fundi aamue. Nawasihi wasimwachie. Mimi hutembea na goti la kufunga hapa Amu, yaani Lamu, na goti huru pia nimewahi kulivaa. Kwa nionavyo, goti ndilo linaloamua kama utatoka nyumbani peke yako au utashinda barazani ukingoja mtu wa kukushika mkono.

Goti la kufunga lina komeo ndani yake. Ukisimama na kuunyoosha mguu, komeo linajishika lenyewe na unasikia mlio wake. Kuanzia hapo goti halikunji mpaka uvute uzi au kijiti kilichowekwa ubavuni mwa paja. Fikra yenyewe ni ya zamani sana. Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa katika karne ya 16, aliacha michoro ya mguu wa chuma wenye goti la kufungwa, na kamba ya kulifungulia mtu akitaka kukaa. Mpaka leo kazi ni ileile, ila vifaa vimekuwa vyepesi.

Goti huru halina komeo, na halina msuli wa kulishikilia. Linasimama kwa sababu moja: uzito wa mwili unapita mbele ya ekseli yake, yaani pini ambayo goti hukunjia, hivyo unalisukuma linyooke. Uzito ukipita nyuma ya ekseli, linakunja, na wewe uko chini. Kwenye sakafu ya hospitali mambo ni sawa, kwa sababu kila hatua inatua kama iliyotangulia. Sasa leta goti hilo kwetu. Mchanga wa Shela unabonyea, na hujui wayo utatulia ukielekea wapi. Ngazi za jeti zina utelezi maji yakipwa. Vichochoro vya Mkomani na Langoni vina mtaro pembeni, na punda mwenye shehena hakupishi, wewe ndiye unayempisha, mara nyingi kwa kurudi hatua moja nyuma bila kutazama. Hatua hiyo ya nyuma ndiyo inayoliangusha goti huru.

Mtu mwenye kigutu kirefu na nyonga yenye nguvu anaweza kulizuia. Anakisukuma kigutu nyuma ndani ya soketi kila kisigino kinapogusa chini, na goti linabaki limenyooka. Hilo ni zoezi la kufundishwa, na kijana hulipata. Lakini mzee wa makamo aliyekatwa mguu kwa ajili ya kisukari, kigutu kifupi, mguu wa pili nao una ganzi, simshauri aanze na goti huru. Aanze na komeo, apate imani ya kusimama.

Komeo nalo lina gharama yake. Mguu usiokunja hauna pa kupita unapoupeleka mbele, ncha ya wayo inakwaruza ardhi. Kwa hiyo fundi huufanya mguu uwe mfupi kidogo kuliko mzima, kama sentimita 1 hivi, na bado utajikuta unainua nyonga au unauzungusha mguu kwa nje. Ukitembea hivyo kutwa, kiuno kinalalamika na unachoka mapema. Waliotengeneza miguu walilijua tatizo hili zamani: James Potts wa Chelsea, Uingereza, aliyemtengenezea mguu Marquess wa Anglesey baada ya vita vya Waterloo vya 1815, aliunganisha goti na kifundo kwa nyuzi za utumbo wa mnyama, ili goti likikunja ncha ya wayo ijiinue. Ulikuwa ufundi wa kupendeza, lakini unahitaji goti linalokunja.

Ndiyo maana swali ninalotaka uende nalo kwa fundi, kabla hujapimwa, ni hili: komeo laweza kuachwa wazi nikitaka? Yapo magoti ya namna hiyo. Mwambie wazi kwamba utatembea kwa namna zote mbili, kwa sababu atahitaji kuupanga mguu ili ekseli ikae nyuma ya uzito hata komeo likiwa wazi. Kama mguu ulipangwa kwa kutembea umefungwa tu, usijaribu kuufungua barabarani. Rudi upangwe upya kwanza.

Mimi nafunga penye mchanga, penye umati, na kwenye ngazi. Ngazi za nyumba zetu za mawe ni nyembamba na vidato vyake virefu: kupanda natanguliza mguu mzima, kushuka natanguliza wa bandia, mkono mmoja ukutani. Asubuhi mapema, kando ya bahari ambako ni sawa na hakujajaa watu, naacha wazi, kiuno kipumzike. Ndani ya boti ya kuvuka kwenda Mokowe, upande wa bara, nakaa kwanza, kisha nafungua, maana mguu ulionyooka unaziba njia na mabaharia wanajikwaa. Wakati wa kuinuka nanyoosha, nasikiliza mlio, kisha nautwika uzito kidogo tu kabla ya kuutwika wote. Usipousikia mlio, usisimame.

Msikitini, komeo linasaidia kwenye kisimamo na rukuu. Kwa kusujudu na kukaa chini, muulize fundi goti linakunja mpaka wapi. Kama halifiki, kiti kipo, na sheikh wako atakueleza namna ya kuswali ukiwa umekaa.

Kuna magoti mengine yanayostahili kuulizwa. Mengine hujifunga yenyewe yakibebeshwa uzito na kujiachia mguu unapopelekwa mbele. Mengine yana viungo vinne badala ya ekseli moja, kama goti la plastiki lililobuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford kwa ajili ya kituo cha Jaipur, India. Hayo ni imara kisigino kikigusa chini, na yanaufupisha mguu kidogo hewani ili wayo upite. Yajaribu yote utakayoonyeshwa, lakini usijaribu kwenye vigae tu. Omba utembee nje, kwenye mchanga au changarawe.

Bahari yetu haina huruma na chuma. Chumvi inakula springi na waya wa kufungulia, na mchanga ukiingia ndani, komeo linashika nusu. Komeo la nusu ni hatari kuliko goti lisilo na komeo kabisa, kwa sababu unaliamini. Ukitoka pwani, futa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha vizuri, na mafuta utie yale tu aliyokuelekeza fundi. Uzi wa nailoni unavumilia hapa kuliko waya wa chuma. Omba na wa akiba.

Na waonyeshe watu wa nyumbani uzi ulipo. Ukianguka umefungwa, atakayekuinua atahangaika na mguu mrefu usiokunja kwenye kichochoro chembamba. Mke wangu na watoto wote wanajua kuufungua, hata gizani. Vivyo hivyo jirani wa mlango wa pili, na kijana anayenishika mkono kwenye boti.