Usimwambie mtoto "tulia", mfundishe kupoza uji

Mi nafundisha darasa la pili huku Tandahimba, mwaka wa nane sasa. Miaka ya mwanzo nlikua na dawa moja tu ya mtoto akipandisha hasira: "Tulia! Nasema tulia!" Alafu sauti yangu ipo juu kuliko ya kwake.

Siku moja dogo mmoja kaibiwa penseli, yani kipenseli chenyewe kimebaki urefu wa kidole gumba, akamrukia mwenzake, daftari likaruka huko, analia mpaka kamasi zinamwingia mdomoni, nikamshika nikamwambia tulia, akaning'ata. Kweli kabisa, hapa kwenye kiganja. Darasa zima kimya, watoto tisini na kitu wananiangalia mimi. Nikainua mkono nimchape nikakuta mkono unanitetemeka, nikajiuliza hapa nani anatakiwa atulizwe kwanza.

Nikatoka nae tukakaa chini ya mkorosho. Sikusema kitu maana sikua na cha kusema. Zikapita kama dakika kumi, kwikwi zikaisha zenyewe, akawa anachorachora mchanga na kijiti, mara akasema, "Ile penseli kanipa bibi." Kumbe.

Pale ndo nlipoanza kujiuliza, hivi mtoto wa miaka saba ukimwambia tulia anajua afanye nini? Kukaa anakujua, kuandika anakujua. Kutulia je? Moyo unamwenda mbio, mwili ushajiandaa kupigana au kukimbia, hapo hata umhubirie kama shehe wa Ijumaa hakusikii. Kitu pekee anachoweza kukishika mwenyewe kwa muda ule ni pumzi, maana ukiitoa taratibu, ndefu kuliko ulivyoivuta, na moyo unapunguza mwendo. Ila jaribu kuwaambia watoto "vuteni pumzi" uone, wanapandisha mabega, wanavimbisha mashavu, basi vicheko tu.

Nikawaza uji. Hakuna mtoto hajawahi kupewa uji wa moto. Sasa tunakunja viganja kama tumeshika kikombe, tunanusa uji kwa pua, alafu tunaupoza, fuuuu, polepole, ukipuliza kwa nguvu unamwagika unakuunguza. Mara tano. Hilo la kumwagika ndo siri yake, maana mtoto mwenyewe anajibana asipulize kwa fujo.

Kosa nililofanya mwanzo ni kumfundisha mtoto pale pale akiwa kashapandisha. Haiingii. Mtoto wa Mikindani hafundishwi kuogelea siku ngalawa imepinduka. Mi nafundisha asubuhi, baada ya kuita majina, wote wako fresh, tunacheza kama mchezo kila siku mpaka wanachoka, ndo siku ya ugomvi nikikunja tu viganja bila kusema neno yeye anajua. Na mimi napoza wa kwangu pale pale, siigizi, nakua nauhitaji kweli. Kuna siku nlikua nafoka mbele ya ubao binti mmoja wa dawati la mwisho akaninyooshea kikombe chake cha hewa, "Madam, poza." Ofisini nikiwasimulia wananicheka, eti nadekeza watoto, fimbo ndo mwalimu. Sawa. Ila kwa kanuni zenyewe za serikali za 2002 za adhabu ya viboko shuleni, visizidi vinne, na mwenye ruhusa ni mkuu wa shule au aliemteua, viandikwe na kitabuni, sasa niambie ni wangapi tunafuata hiyo.

Kingine ni maneno. Watoto wengi huku nyumbani wanaongea Kimakonde, wakija shule Kiswahili chao cha hasira ni kimoja tu, "kanichokoza". Nikawa nawaruhusu waseme kwa lugha ya nyumbani, wenzao wanatafsiri, tunatafuta neno pamoja: umeonewa, umeona aibu, una wivu, umechoka. Akishalipata neno mara nyingi hasira inashuka nusu.

Haifanyi kazi kila siku lakini. Mwaka jana mwezi wa tatu, wakati hela ya korosho ishaisha majumbani na mahindi bado hayajakomaa, kulikua na kadogo kamoja kila saa nne lazima kapigane, kila siku, nimekatoa nje, nimekaa nako, wapi. Siku hiyo nikachuchumaa mbele yake nikakunja viganja, nikamwambia haya mwanangu, nusa uji. Akaviangalia viganja vyangu, akaangalia pembeni.

"Madam, mi leo sijanywa uji."

Siku hizi kabla ya kikombe cha hewa nauliza kwanza umekula nini, na kwenye kabati la darasa pale nyuma ya chaki nina kopo la unga na sukari ya kupima. Dada wa jikoni ananisaidia kukoroga.