Maswali ya Wasomaji: Bahari ya Mikindani na Anga la Boudin

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mchoraji wa picha za rangi hapa Mikindani, Mtwara. Kila nikiichora ghuba yetu, mashua na minazi hutoka vizuri, lakini bahari hulala kama shuka la buluu. Nimeona picha za Mfaransa Eugène Boudin, aliyerudia pwani ileile miaka nenda miaka rudi. Aliwezaje, na picha zake zisifanane?

JIBU: Ndugu Msomaji, kwa maoni yangu Boudin hakuwa akichora pwani hasa, bali hali ya hewa iliyopita juu yake. Alizaliwa Honfleur mwaka 1824, mtoto wa baharia, akakulia Le Havre ng'ambo ya mlango wa mto Seine, na akafariki Deauville mwaka 1898. Ukiacha safari zake za Brittany, Uholanzi na Venice, sehemu kubwa ya kazi yake ilitoka katika mwambao huo mfupi wa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa.

Zitazame tena picha zake ukipima kwa vidole. Mara nyingi upeo wa macho umewekwa chini sana, anga likachukua theluthi mbili za picha au zaidi, na matajiri waliokuja kupunga upepo Trouville, pamoja na magauni yao mapana, wakabaki kama vitone vya rangi mchangani. Nashuku kwamba wewe huuweka upeo katikati, kisha hulipaka anga rangi moja upesi ili uifikie mashua. Maji huazima rangi yao kutoka juu. Anga likikosa uhai, bahari nayo haina pa kuupata.

Ninachokipenda zaidi, hata kuliko picha zake kubwa, ni pasteli zake ndogo za mawingu, yaani michoro ya chaki za rangi, alizozichora nje kwa haraka na kuziandikia tarehe, saa na upepo. Mshairi Charles Baudelaire alizisifu mwaka 1859, akisema kwamba hata ukiyafunika maandishi hayo kwa mkono, ungeweza kukisia majira, saa na upepo. Boudin mwenyewe aliamini kwamba mipigo mitatu ya brashi mbele ya kitu chenyewe inashinda siku mbili za kazi chumbani, na ndiyo sababu alimtoa nje akachore huko kijana Claude Monet, baadaye mchoraji mashuhuri, ambaye wakati huo alijulikana Le Havre kwa vikaragosi tu, yaani michoro ya kuchekesha ya sura za watu.

Basi kata vipande vya kadibodi vyenye ukubwa wa kiganja, ushuke navyo ufukweni. Nyuma ya kila kimoja andika, kwa mfano: "Saa 12 na nusu asubuhi, kusi, maji yanakupwa." Saa hiyo tope lililo kando ya mikoko hung'aa kijivu chenye wekundu kidogo, na buluu uliyoizoea huioni popote. Fanya hivyo wakati wa kusi, urudie mahali palepale wakati wa kaskazi. Mashua iingie mwisho, na ikikosa nafasi, iache.