Ushuhuda wa mteja: kwa mnaoanza kuuza mtandaoni

Mteja wa Sumbawanga anayetaka viatu vyako vya Kariakoo anatakiwa atume pesa kwanza, ndipo asubiri basi. Hakujui. Duka lako kwake ni picha za Instagram na namba ya simu, na hofu yake kubwa ni kwamba akishalipa utampiga bloku. Ushuhuda usiogusa hofu hiyo ni mapambo tu.

Wengi wanaoanza hujaza ukurasa picha za skrini zenye "Asante dada, vizuri sana" na vimoyo. Mtu mwenye simu mbili anatunga mazungumzo hayo huku akisubiri wali uive, na wateja wanalijua hilo. Baadhi yao walishalizwa na kurasa za namna hiyohiyo. Mgeni hushawishika na maneno ambayo mtunzi asingekumbuka kuyaweka: "Nilichukua 39 ikanibana, mkanibadilishia 40. Basi lilichelewa, mzigo nimeupata asubuhi yake." Hapo anaona kasoro ilitokea na muuzaji hakukimbia.

Maneno hayo hayaji yenyewe. Ukiomba "maoni" utajibiwa "viko poa". Uliza jambo moja: dada, saizi imekukaaje? Rangi ni ile ya pichani? Tena uliza siku mbili tatu baada ya kupokea, akiwa ameshavivaa. Ukimuuliza mzigo ungali kwa wakala wa basi, utaambulia "sawa". Na ukiamua kuwapunguzia nauli ya mzigo unaofuata wanaotoa maoni, mpunguzie hata aliyelalamika, na uandike wazi kwamba wamepunguziwa. Kununua sifa ni kujichimbia shimo.

Kabla ya kuposti, omba ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Jina na namba ya mteja si mali yako. Hata bila sheria, wako wasiopenda nyumbani wajue wamenunua mkoba wa bei gani!

Stetasi ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo shuhuda nzuri zihifadhi juu ya ukurasa wako wa Instagram. Kama una fremu wanakofika wateja, jisajili pia kwenye ramani za Google. Kule huwezi kufuta maoni kwa kuwa tu yamekuudhi: unayajibu, au unayaripoti kama yamevunja kanuni zao. Ndiyo maana yana uzito kuliko yale ya Instagram, ambayo kila mtu anajua unaweza kuyafuta.

Lalamiko likija hadharani, lijibu hapohapo kwanza: "Pole dada, nimeona. Nakupigia sasa hivi tubadilishe." Mkishamalizana, mwombe aandike mwenyewe yaliyotokea. Usibishane naye, hata kama kosa ni la basi.

Halafu kuna jina la malipo, ambalo wengi hulisahau. Mteja akiingiza lipa namba, huoneshwa jina kabla ya kuweka namba ya siri. Ukurasa ukiwa na jina la duka na kwenye simu likatokea la shemeji yako, ataghairi palepale, shuhuda zako zote zikiwapo. Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, uombe lipa namba kwa jina hilo. Kwa sasa, andika juu ya ukurasa jina litakalotokea mtu anapolipa.