Saikolojia si ya wodini tu

Dada, umeuliza kama binti yako akisoma saikolojia ataishia kukaa na wagonjwa wa akili. Hapana. Lipo tawi zima, saikolojia ya afya kazini, linalochunguza watu wenye afya njema na jinsi kazi inavyowaingia mwilini.

Mtazame karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima hapa Mtwara, msimu wa korosho. Tangu asubuhi yuko kwenye mizani, magunia hayaishi, bei inapangwa mnadani, na malipo yakichelewa anayelaumiwa ni yeye. Mume wangu alifanya kazi hiyo misimu mitatu. Usiku ugali unapoa mbele yake, simu inaita: "Karani, hela yangu vipi?" Watoto wakajifunza kutomsemesha. Inauma mpaka leo.

Hali kama hiyo ndiyo inayochunguzwa. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alieleza kwamba kinachochosha zaidi ni wingi wa kazi ukikutana na uhuru mdogo wa kuamua. Mtafiti mwingine, Johannes Siegrist, mwaka 1996, akaangalia jasho jingi lenye malipo na heshima kidogo. Watafiti hupima haya kwa hojaji, shajara za kila siku, shinikizo la damu, hata kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate.

Kazi zipo vyuo vikuu, taasisi za utafiti wa afya, na kwa waajiri wanaojali watu wao. Ila kwa utafiti shahada ya kwanza haitoshi, na takwimu ni nyingi mno. Kama hesabu anazikimbia, kaa naye mapema mzungumze.