Maswali ya Wasomaji: Je, Siku Nne Zatosha Kuuzunguka Mlima Kenya?

SWALI: Assalamu alaykum, mzee wetu. Sisi ni vijana wanne wa Langoni, Lamu, na tumekusudia kwenda Mlima Kenya mwezi wa Januari. Hatutaki kufika kileleni na kurudi tu, bali tunataka kuvizunguka vilele kwa ile njia ipitayo kwenye maziwa ya juu. Wakala mmoja ametupangia siku nne, kupanda na kushuka. Kati yetu mmoja ni mchezaji mpira na mwengine huzamia kambamawe, kwa hivyo pumzi tunazo. Wazee nyumbani wana wasiwasi. Je, mpango huu ni sawa?

JIBU: Waalaykum salaam, wanangu. Wazee wenu wana haki ya kuwa na wasiwasi. Siku nne hazimtoshi mtu anayeondoka kwenye usawa wa bahari, na ningewashauri msimpe wakala huyo hata shilingi mpaka akubali kuifanya safari iwe ya siku nane. Sitii shaka nguvu za miguu yenu, lakini huko juu si miguu inayomwangusha mtu. Mzamiaji hubana pumzi yake chini ya maji, kisha akaibuka kwenye hewa tele. Mlimani hakuna pa kuibukia. Ukikaribia mita 5,000 kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, huwa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani, usiku na mchana, umelala au umekaa, na mwili huhitaji siku kadhaa kujizoesha hali hiyo. Mchezaji mpira hazoei upesi kuliko mtu mwengine, na mara nyingi huumia zaidi kwa sababu hukimbilia mbele.

Njia mnayoitaka, ukiitazama kwenye ramani, utaidharau. Mzunguko wenyewe ni kama kilomita 10 tu, masafa ambayo mtu wa Lamu huyatembea ufukweni bila kuyahesabu. Lakini inapanda na kushuka kwenye mapengo yaliyo kati ya vilele, na ukijumlisha mipando yote unapata zaidi ya mita 2,000. Sehemu nyingi ni kokoto zinazoteleza, hatua mbili mbele na moja nyuma. Katikati yake vimesimama Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ambavyo hupandwa kwa kamba na watu wenye ujuzi. Kilele chenu ninyi ni Lenana, mita 4,985, kifikiwacho kwa miguu. Ndipo mpanda mlima Kisoi Munyao alipopeleka bendera ya Kenya wakati wa uhuru, Desemba 1963.

Mimi ningeingilia lango la Chogoria, upande wa mashariki, kwa sababu ndiko kwenye maziwa mazuri na mpando wake hauna pupa. Usiku wa kwanza laleni karibu na lango, kiasi cha mita 2,950. Usiku wa pili laleni Lake Ellis, na wa tatu shukeni bondeni mpaka Lake Michaelson, ziwa lililolala chini ya jabali la Temple lenye kimo cha kama mita 300. Jioni ukuta huo huficha jua mapema na baridi huingia kama mtu aliyefungua mlango wa jokofu. Usiku wa nne mtakuwa juu ya jabali hilo hilo, kwenye vijiziwa vya Hall Tarns, mkilitazama ziwa la jana kama sahani. Siku ya tano mtapita pengo la Simba Col na kuteremka Shipton's, kambi iliyo kwenye mita 4,200 hivi. Yaani mmepanda juu zaidi ya mahali pa kulala, na hiyo ndiyo tiba bora niijuayo.

Siku ya sita ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo iliyonifanya nirudi mlimani mara ya pili. Mtatoka Shipton's kupitia pengo la Hausberg Col, mteremke kwenye vijiziwa vya Hausberg na Oblong, mpande tena upande wa magharibi hadi vijiziwa vya Two Tarn, kisha mshuke kambi ya Mackinder's. Pale Two Tarn, asubuhi isiyo na upepo, Batian na Nelion huonekana majini kichwa chini, na lile pengo la barafu lililo kati yao, liitwalo Lango la Ukungu, huonekana kama ufa mweupe kwenye kioo. Lakini ukungu hupanda kabla ya adhuhuri, kwa hivyo anayechelewa kuondoka huyaona mawe tu. Usiku wa kuamkia siku ya saba mtaondoka Mackinder's mnamo saa nane, mpite kibanda cha Austrian Hut, muwe Lenana jua likichomoza, kisha mteremke kwa upande wa kaskazini kando ya kijiziwa cha Harris Tarn mpaka Shipton's, na mzunguko utakuwa umefungika. Kesho yake mtatokea lango la Sirimon.

Mtaona kwamba mara moja au mbili nimevuka kidogo kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani, kwamba juu ya mita 3,000 mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Basi mkiwa na siku ya tisa, itumieni kupumzika Lake Michaelson.

Sasa niwaambie la kuogopa. Kichwa kuuma, kukosa hamu ya chakula na usingizi wa mang'amung'amu ni mambo ya kawaida. Mtu akiyapata asipande zaidi mpaka yamwishe. Lakini akikohoa na kuhema hali amekaa, au akianza kuyumba na kusema ovyo, basi mapafu au ubongo umeingia maji, na dawa ni kushuka saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane na mvua inanyesha. Mwaka niliokwenda mara ya kwanza, na safari yetu ilikuwa ya haraka kama hiyo yenu, mwenzangu wa hapa Malindi alikataa katakata kwamba ni mgonjwa. Nilimulika tochi nikamkuta anajaribu kuvaa glavu mguuni, na amekasirika kwamba haiingii. Tulimwambia atembee kwa kugusisha kisigino na kidole kwenye mstari mmoja, akaanguka hatua ya tatu. Mwongozaji na mpagazi walimshusha usiku ule, na kufikia saa nne asubuhi alikuwa akiitisha chai. Ipo dawa ya asetazolamidi, ambayo huusaidia mwili kuzoea. Muulizeni daktari kabla ya safari, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Hata hivyo, haichukui nafasi ya siku za kuzoea.

Mwezi mmeuchagua vyema. Kaskazi inapovuma kwenu Lamu, Januari na Februari, ndipo mlima unapokuwa mkavu zaidi. Epukeni masika. Hata hivyo usiku maji ya chupa huganda ndani ya hema, kwa hivyo kodini mfuko wa kulalia wa baridi kali, koti la mvua, glavu na mabuti; vitu hivyo hukodishwa Nanyuki na Naro Moru. Mabuti lakini afadhali yawe yenu, na myazoee mwezi mzima. Myavae mkipanda na kushuka matuta ya mchanga ya Shela mkiwa na mzigo mgongoni. Watu watawacheka, wacheni wacheke.

Hifadhi hairuhusu mtu kuingia peke yake, malipo langoni hayapokelewi kwa fedha taslimu, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa, kwa hivyo zile chupa za maji za dukani ziacheni nyumbani.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa Barani, Malindi. Binti yangu anakwenda mlima huo na wenzake wa chuo. Nataka kujua atatawadhaje kwenye baridi hiyo, na watakula nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Masuala ya fikihi mpelekee sheikh wako, mimi nitasema ya vitendo. Avae mabuti ya ngozi yanayofunika vifundo vya miguu, ayavae akiwa na udhu, kwani msafiri ana ruhusa ya kupukusa kwa maji juu ya khofu, yaani viatu vya ngozi kama hivyo, bila ya kuvivua kuosha miguu, siku tatu na usiku wake. Huko ndiko nilikoifahamu thamani ya ruhusa hiyo. Maji ya mikono na uso apashe jikoni. Kibla asikipime kwa mazoea ya pwani: Lamu huelekea kaskazini na kupinda kidogo magharibi, ilhali mlimani, kwa kuwa uko magharibi ya Makka, hupinda kidogo mashariki.

Ama chakula, asibebe maharagwe wala pojo kavu. Kwenye mita 4,200 maji huchemka yakifika nyuzi 86 hivi, na maharagwe yatachemka mpaka gesi iishe yakiwa magumu vile vile. Wali huiva kwa shida, tambi huiva. Mpe tende, kashata, njugu na mkate wa mofa. Nilipeleka halua ya Lamu, ikawa ngumu hata kisu kikakataa. Nikaivunja kwa jiwe na tukaimumunya kama peremende. Na hata kama hana hamu, ale, na anywe maji mengi.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Faza. Nimesikia maziwa hayo yana samaki. Ni kweli, na maji yake yanyweka?

JIBU: Baadhi yanao. Ni trauti, samaki wa maji baridi walioletwa enzi za ukoloni na kuwekwa kwenye mito ya mlima. Lake Alice na Lake Rutundu, upande wa kaskazini mashariki, hujulikana kwa samaki hao. Vile vijiziwa vya juu kabisa, vilivyochimbwa na barafu na kujazwa na maji yake, havina kitu cha kumtoa mvuvi Faza. Kuvua kunahitaji kibali, na wavu hauruhusiwi, ni mshipi tu. Maji yanaonekana safi hata ukahesabu mawe ya chini, lakini wapandaji ni wengi na si wote wanaojisaidia mbali na maji. Yachemshe dakika tatu kamili, kwa sababu ya zile nyuzi 86 nilizomtajia mama wa Barani.