Shangazi, naogopa mwanangu atamsahau baba yake

SWALI: Shikamoo shangazi. Mume wangu kafariki miezi 2 iliyopita, niko kwenye eda hapa Tanga. Alikuwa fundi cherehani, na kila Ijumaa akitoka msikitini lazima apitie samaki wa kukaanga wa watoto. Wa mwisho ana miaka 4 tu, naogopa atamsahau, na ndugu wananiambia nisimtajetaje eti nalia sana. Nifanyeje? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, Mungu amrehemu. Hilo la kukukataza kumtaja mimi silikubali kabisa, eda ni miezi 4 na siku 10 na hakuna mahali imesemwa ufunge mdomo kuhusu mumeo, mtaje, na mtoto akikukuta unalia mwambie tu namkumbuka baba.

Simu yake usiiuze wala usiifomati! Zile voisi alizokuwa anakutumia WhatsApp zihamishie kwenye flashi leo leo na nakala nyingine mtumie dada yako akutunzie, maana mimi nilivyofiwa na mzee wangu picha ninazo tele ila sauti yake sina hata sekunde moja, na inaniuma mpaka leo.

Samaki wa Ijumaa wasikatike, mtume huyo mkubwa akanunue. Wakati wa kula wasimulie baba yao alikuwaje, alivyokuwa anacheka, nguo gani za sikukuu aliwashonea, kisha muombeeni dua pamoja. Mafundi wenzake nao wakija kukupa pole waombe wakusimulie ya kazini, rekodi kwa simu.