Usikubali Kuitwa "Mombasa" na Wewe ni Mchonyi

Juzi binti mmoja wa Mwarakaya aliniandikia. Amemaliza chuo, amepata kazi Nairobi, anaripoti mwezi ujao, na roho haijatulia. Kwanza anauliza kama jina lake la Kichonyi (sisi Wachonyi ni mojawapo ya jamii tisa za Mijikenda, pwani ya Kenya) alifiche, abaki na la ubatizo tu, maana huko watu hawataweza kulitamka. Pili, akiulizwa "wewe wa wapi?" ajibu nini, kwa sababu dadake amemshauri aseme "Mombasa" na asijichoshe kueleza. Nilimpigia, tukaongea mpaka salio likakatika. Lakini najua mko wengi mnaofunga mabegi kama yeye, kwa hivyo nayaweka hapa.

Jibu fupi: taja jina lako lote, na kwenu ukutaje kwa jina lake.

Mimi nilipoingia Nairobi, bosi wangu wa kwanza aliniita "Mombasa". "Mombasa, hebu lete ile faili." "Mombasa, leo mmepika pilau?" Kwetu ni Chasimba. Mombasa nilikuwa naijua kama mnavyoijua nyinyi, kwa kwenda na kurudi. Nikieleza kwamba mimi ni mtu wa Kilifi, wanaruka: "Aah, kumbe Mgiriama!" Nikisema hapana, ni Mchonyi, kicheko. "Hao nao ni kina nani?" Halafu hakosi mmoja wa kunivuta pembeni, anong'one kama naweza kumtafutia dawa ya mume. Hao ni wasomi, wana digrii zao ukutani. Miaka imepita na nikikumbuka damu bado inanichemka. Leo niko ofisi nyingine, naongoza kitengo, na mlangoni pameandikwa jina langu na la babangu, na "dz" yake yote. Sisemi kwa kujigamba. Haya basi, kidogo.

Na hao wa ofisini hawakuanza wao. Wazee wetu waliitwa Wanyika, watu wa porini, na watu wa miji ya pwani. Wamisionari kina Krapf walipofika Rabai miaka ya 1840 wakalichukua jina hilo hilo, wakaliandika vitabuni, nalo likatuganda miaka mia. Ilipofika miaka ya 1940 wenyewe wakalitupa, wakajiita Mijikenda: Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wajibana, Wakambe, Waribe, Warabai, pamoja na Wadigo na Waduruma wa upande wa Kwale. Hakuna gavana aliyewapa jina hilo. Ndiyo maana naudhika nikisikia wanasiasa jukwaani, "Wanakilifi oyee!", utadhani tulizaliwa 2013 pamoja na kaunti. Kaunti ina kazi yake: itengeneze barabara, ilipe wauguzi mishahara (kwa wakati, ikiwezekana). Ila sensa ya 2019 ilihesabu humo zaidi ya watu milioni 1.4, na si watu wa namna moja. Mbali na zile nyumba saba za Mijikenda kuna Waswahili wa Malindi, Mambrui na Takaungu, kuna Wabajuni, kuna Wasanye, kuna Wapemba wenye asili ya kisiwa cha Pemba.

Hao Wapemba hebu tuwatazame. Wamezaliwa huku, wanavua huku, wamezikana huku, lakini mpaka 2023 serikali ilikuwa haijawatambua kuwa kabila la Kenya. Wengi waliishi bila kitambulisho, na bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako wala kufungua akaunti ya benki. Anayekwambia mambo ya kabila na asili ni porojo za wazee wasio na kazi, mpeleke akaongee na mvuvi wa Kipemba.

Turudi kwa jina. Kwetu jina la mtu ni anwani. Mtoto hupewa jina kutoka kizazi cha babu na bibi zake, na kila mbari ina majina yake, kwa hivyo mtu mzima akisikia lako, la babako na la babu yako, anajua umetokea nyumba gani. Mwaka jana kwenye hanga, yaani matanga, la shangazi, mzee mmoja alinishika mkono, mkono wa pili kashika kikombe cha chai ya rangi. Nikamtajia majina matatu. Akafumba macho, akaanza kupanda ukoo, jina baada ya jina, huku akinibinyabinya vidole kama anayehesabu. Hakuniachia mpaka alipogundua nyanyake na babu ya mamangu walinyonya ziwa moja. Hapo akaniamuru nimsalimie upya, mara hii kwa heshima ya mkubwa wangu. Chai ilishapoa. Sasa mzee huyo ungemwambia wewe ni "Joy wa Mombasa" angekuanzia wapi?

Na mwanamke akizaa anapata jina jingine. Yule shujaa mnayemsoma shuleni alizaliwa Mnyazi wa Menza. Alipomzaa Katilili akawa Mekatilili. Kwa jina hilo la mama aliwaapisha Wagiriama mwaka 1913 wakatae kuwapa Waingereza kodi na vijana wao, kwa jina hilo akakamatwa na kupelekwa mpaka Kisii, na 1914 akatoroka akarudi kwa miguu. Mimi nami ni Mekadzo tangu siku niliyojifungua. Nairobi wananiita Mama Kadzo, na hapo sina ugomvi nao, wamejaribu.

Vijana, nisikilizeni. Usiombe radhi kwa jina lako. Likiwashinda kutamka, litamke tena polepole, kisha tena. Majina ya wachezaji wa Ulaya mbona wanayatamka? Ukiitwa Mgiriama na wewe ni Mkauma, sahihisha, ila usisahihishe kwa kinyaa, kana kwamba Ugiriama ni ugonjwa. Nawajua Wachonyi wenzangu wenye tabia hiyo na inanikera kuliko ya yule bosi. Na ukiulizwa kwenu, taja kijiji, taja watu wako. Usiseme Mombasa.

Kuhusu wasifu wa kazi: andika majina yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Angalia hasa hiyo "dz", kwa sababu makarani huigeuza "z" au "j" bila kukuuliza. Jina la kitambulisho likitofautiana na la KRA (wale watu wa kodi) au la benki, mshahara wa kwanza utausubiri sana. Kagua kabla hujasafiri, maana huko Kilifi foleni ni fupi kuliko za huku.

Na ukifika, binti yangu, nipigie. Sima nitasonga mimi, lakini mboga ya mtsunga uje nayo. Huku sokoni wananiuzia sukuma tu.